May French Sheldon: Nani Alimbeba, Nani Alimwonyesha

Mwaka 1891 May French Sheldon, mwandishi Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alifika pwani yetu akitaka kuongoza msafara wake mwenyewe hadi Kilimanjaro. Wakubwa wa Kiingereza Mombasa hawakutaka kumpa wapagazi. Akavuka kwenda Unguja, na kwa msaada wa Sultani akapata zaidi ya mia moja.

Wanaomtetea kama mpelelezi aliyejionea mwenyewe wana hoja. Katika kitabu chake cha 1892, *Sultan to Sultan*, aliandika kwa makini mapambo, vyombo na mambo ya wanawake wa Taveta na Uchagani, mambo ambayo wapelelezi wanaume waliyapita bila kuyatazama. Mwaka huohuo chama cha kijiografia cha Uingereza kilimpokea pamoja na wanawake wachache, kisha kikawafungia wengine mlango hadi 1913.

Lakini litazame hilo jina la kitabu. Mchaga alikuwa na mangi, mtawala wake wa jadi, hakuwa na sultani. Waliowaita watawala wa bara masultani ni watu wa misafara ya pwani, ndio wapagazi na wakalimani wake. Hata lile jina alilojivunia, aliloliandika "Bébé Bwana", ni bibi na bwana wa Kiswahili chao. Aliyemwongoza njia ndiye aliyempa na maneno. Uchagani hasara ya kutegemea waliomwongoza ilikuwa ndogo.

Kongo haikuwa ndogo. Mwaka 1903 alikwenda huko kwa fedha za upande wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo, akazunguka zaidi ya mwaka mzima kwa meli za serikali ya Kongo na za makampuni yaliyoshirikiana nayo. Kule wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete utomvu wa mpira. Maofisa wakawa wanawafungulia mateka kabla hajafika. Akarudi, akaandika katika *The Times* kwamba ukatili aliouona mitaani London ulizidi wa Kongo.

Huenda aliandika alichokiona kweli. Utetezi huo haumtoshi. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alipita Mto Kongo mwaka uleule wa 1903. Yeye alikodi meli ndogo ya wamisionari wa Kimarekani, hivyo hakuna ofisa aliyempangia pa kutia nanga, na ripoti yake ya 1904 imejaa ushahidi wa waliokatwa mikono. Mtu aliyewahi kukataliwa wapagazi Mombasa, akajitafutia wake Unguja, alijua vizuri tofauti ya chombo chako na chombo cha mwenyeji.