Tusimame nje ya ukumbi huo kwa amani
Mliandika kuhusu kijana aliyetolewa ukumbini kwa kusukumwa; kijana huyo ni jirani yetu hapa Nairobi. Kosa lake ni kudhaniwa shoga. Wanaouliza kama tunaruhusiwa kuandamana wasome kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010: kukusanyika kwa amani, bila silaha, ni haki. Notisi ya maandamano imfikie OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, angalau siku 3 kabla, na tumalize kabla ya saa 12 jioni. Mawe hapana, matusi hapana, hata wakitutukana. Na tafadhalini, msipige picha nyuso za watu; kuna vijana wakionekana tu wanafukuzwa nyumbani. Mimi ni mama, tena wa kanisa, na nitashika bango mstari wa mbele. Nimechoka kuona mtoto wa mwenzangu akipigwa huku watu wazima wakicheka.