Kaa Aliyedunda Kama Saa ya Ukutani

Siku ile niliita maabara nzima waje waone mdundo wa kaa wangu. Wakaja mbio. Mdundo ulikuwepo kweli. Kaa ndiye hakuwemo.

Kazi yenyewe ni hii. Kaa aina ya Cancer borealis analazwa kwenye barafu nusu saa hadi alegee. Tumbo lake linatolewa, linapasuliwa, linabanwa kwa pini kwenye sahani yenye silikoni, kisha unaanza kusaka fundo la neva linaloendesha misuli ya tumbo, lililo ndani ya mshipa wa damu. Lina seli 26 hivi, basi, na kulitoa bila kulichana kunakula saa kadhaa, shingo imepinda juu ya hadubini. Utamu wake ni kwamba fundo hilo, likiwa sahanini bila kaa, huendelea kupiga lenyewe karibu mara 1 kwa sekunde: seli ziitwazo PD kwanza, ile ya LP ikafuata, za PY zikamalizia. Ila usikate neva inayolimwagia kemikali za kulichangamsha. Ukiikata, mdundo hudorora au hunyamaza kabisa.

Nikazungushia neva vijisima vya vaselini, nikatumbukiza waya mmoja wa kunasa umeme wa neva ndani ya kila kisima na mwenzake nje, nikafungulia maji ya chumvi yaliyopozwa. Skrini ikaanza: tik, tik, tik. Sijapata kuona mdundo ulionyooka hivyo!

Fundi wetu wa maabara, dada asiye na maneno mengi, akatazama kidogo.

"Kaka, mbona visima vyote vinaruka pamoja?"

"Vinashirikiana," nikajibu. (Jibu la mtu aliyekwisha kulewa sifa.)

"Na PD na LP zinapishana wapi?"

Sikuwa nalo la kusema. Akashusha joto kutoka nyuzi 18 hadi 11. Mdundo halisi ungepungua kasi. Wangu haukutikisika. Ndipo akanyoosha mkono, akabana mpira wa maji. Kimya.

"Umemuua!" nikapiga kelele.

"Nimefunga bomba."

Mdomo wa bomba ulikuwa umening'inia juu ya sahani, ukidondosha tone 1 kila sekunde. Bomba lililojaa maji ya chumvi hunasa umeme wa hewani kama antena. Kila tone lilipogusa sahani liliunganisha antena na neva, na amplifaya, mashine inayokuza umeme wa neva, ikaruka. Dawa ni kuzamisha mdomo wa bomba ndani ya maji ya sahani. Mimi nilikuwa nimerekodi dakika 40 za matone, kwa ubora wa hali ya juu.

Na fundo lenyewe je? Daftari likajibu. Lita 1 ya maji hayo ya chumvi inataka gramu 25.7 za chumvi ya kawaida na gramu 0.82 za kloridi ya potasiamu. Mimi nilipima 8.2. Potasiamu ikijaa nje namna hiyo, seli hupoteza chaji hasi ya ndani, milango ya sodiamu inayoanzisha kila mpigo inajifungia, na hakuna seli inayoweza kufyatua hata mara moja. Kaa wangu alikuwa bubu tangu tone la kwanza.

Kesho yake, kaa mwingine, maji mapya, bomba limezama. PD, LP, PY, kila moja na urefu wake wa mpigo kwenye skrini, mdundo ukiyumba kidogo kama kitu kilicho hai. Nikaita watu.

Sauti ikatoka chumba cha pili: "Funga bomba kwanza!"

Nikafunga. Fundo likaendelea kupiga. Hakuna aliyekuja.