Nicodemus Haukufa, Ulinyimwa Reli

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14 katika mji wa Nicodemus, Kansas. Kila nikiutaja mbele ya wenzangu hapa Kansas City jibu ni lile lile: ah, ule mji uliokufa. Wikendi iliyopita nilikwenda kuuona, mvua ikinyesha kutoka tulipoondoka mpaka tuliporudi, na hilo neno "uliokufa" sitalisikia tena nikanyamaza.

Ni mwendo wa karibu saa tano kuelekea magharibi. Ukishaipita Salina miti inapungua, yanabaki majani, ngano na anga. Shemeji yangu ndiye aliyeshika usukani, na kila lori lilipotupita lilitumwagia maji kioo kizima, ikabidi apunguze mwendo mpaka tuone tena mbele. Hays tukaiacha barabara kuu tukashika njia ya kaskazini. Tuliposimama Stockton kujaza mafuta, mzee mmoja alituona tunavyoilalamikia mvua, akatuambia ngano ilikuwa inaisubiri.

Njia nzima ni vijiji vyenye mnara wa nafaka unaouona kabla hujaona nyumba, halafu mtaa mmoja wa maduka ambayo nusu yake yamepigiliwa mbao madirishani. Kaunti ya Graham, ilipo Nicodemus, ilikuwa na watu zaidi ya 7,000 mwaka 1930. Mwaka 2020 hawakufika 2,500. Sababu zinajulikana. Mashine moja ya kuvunia inafanya kazi ya ukoo mzima, shamba la jirani linanunuliwa na mwenye mtaji, na katika miaka ya 1970 waziri wa kilimo Earl Butz alikuwa anawahimiza wakulima wapanue mashamba au waache kazi hiyo. Wengi waliacha. Watoto wakipungua shule inaunganishwa na ya mji mwingine, na shule ikishaondoka duka halikawii kuifuata.

Hayo yameupata uwanda wote. Nicodemus ina jeraha lake la zamani zaidi.

Mji ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Mwaka huo serikali ya Marekani iliondoa ulinzi wa jeshi lake kwa watu weusi wa Kusini, na vipeperushi vilikuwa vinawaahidi ardhi yao wenyewe Kansas, maana sheria ya 1862 ilimruhusu mtu kupata ekari 160 akizilima na kuishi juu yake. Walipofika hawakukuta hata mbao za kujengea. Walichimba ardhini wakalala humo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba aliuliza Nicodemus iko wapi, mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Mama wa watu akalia. Wazawa wa mji husimulia pia kwamba majira ya baridi ya kwanza yangewamaliza kama Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, wasingewagawia nyama.

Ndani ya miaka kumi walikuwa na makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Kilichobaki ni reli. Mwaka 1887 wananchi walipiga kura kukubali hati za deni za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake kwao. Hebu fikiria: watu ambao miaka 22 nyuma, kwa mujibu wa sheria, walikuwa mali ya watu wengine, sasa wanakubali kwa kura kubeba deni ili gari moshi lipite mlangoni pao. Missouri Pacific haikuja. Mwaka 1888 Union Pacific ikapitisha reli yake kusini, ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakahamisha maduka kuifuata stesheni mpya iliyozaa mji wa Bogue, maili chache tu kutoka pale. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wa Nicodemus walishindwa kuujenga mji wao, namuuliza walishindwa nini hasa.

Tulifika mvua ikiwa imepoa kidogo. Mitaa ni ya changarawe na udongo, na udongo wa kule ukilowa unaganda kwenye soli mpaka mguu unakuwa mzito. Tulikwangua viatu kwenye ukingo wa jiwe kabla ya kuingia katika Ukumbi wa Mji. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1939, chini ya mpango wa serikali wa kuwapa watu ajira wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Ni mawe ya chokaa ya pale pale, na ukiyapapasa unahisi mikwaruzo ya patasi iliyoyachonga. Humo ndani kuna picha za koo. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikiona pua ile ile na paji lile lile kutoka kizazi hadi kizazi. Tangu 1996 eneo hili ni hifadhi ya kihistoria ya taifa, nami nashukuru, ila hifadhi inalinda mawe. Watu ni suala jingine.

Na watu wapo. Wikendi ya mwisho ya Julai kila mwaka wazawa wa Nicodemus hurudi kwa mamia kutoka majimbo mbalimbali, wanasali, wanapika, wanaandamana mitaani. Mimi ni Mchaga, jambo hilo halinipi shida kulielewa. Ukihesabu watu wa kijijini kwetu mwezi Machi utakuta wazee na migomba. Hesabu tena Desemba, mabasi ya Moshi yakishajaa, uniambie kama kijiji kimekufa. Ila sisi tunarudi kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo, kipo, kina mwenyewe, na babu amelala pale. Ndiyo maana naona idadi ya vichwa si swali la maana sana Nicodemus. Swali ni ardhi iko mikononi mwa nani.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mkulima mweusi wa Marekani alinyimwa mikopo ya serikali kwa miaka mingi, hadi kesi ya Pigford, ambayo wakulima weusi waliishtaki wizara ya kilimo, ikaishia kwenye suluhu ya malipo ya fidia mwaka 1999. Wengi walikuwa wameshapoteza mashamba. Hata hivyo, mapema miaka ya 2000 wakulima weusi wa Nicodemus walijaribu kupanda teff, nafaka ya Ethiopia, kwa sababu inavumilia ukame na ina wanunuzi. Hiyo si kazi ya watu wanaosubiri kuzikwa.

Mwaka 1987 wasomi wawili, Frank na Deborah Popper, walipendekeza sehemu kubwa ya nyanda hizi irudishwe kuwa malisho ya nyati. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2011 Kansas ilianza kuwapa msamaha wa kodi ya mapato ya jimbo watu wa nje ya jimbo wanaohamia kaunti zinazopungukiwa na wakazi, na hilo ni jema. Lakini ningetaka kuona fungu kama hilo likimwezesha mjukuu wa Nicodemus kununua tena ekari zilizopotea, maana huyo hahitaji kushawishiwa apapende. Kila Julai anatumia nauli yake mwenyewe kufika.

Nanyi ndugu zangu tunaoongea Kiswahili hapa Kansas City na Wichita, mnaokwenda Denver kila mara bila kugeuza shingo: kutoka Hays ni saa moja tu. Piteni Plainville mpaka Stockton, kisha mshike barabara namba 24 kwenda magharibi. Mkiwa mnatoka Denver, tokeni WaKeeney, mpande hadi Hill City, halafu mwelekee mashariki. Kwenye ile wikendi ya Julai tafuteni pa kulala mapema.