Imani ya mama iheshimiwe, dozi isikatwe

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ilijaa magari kilomita kwa kilomita. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aligawa dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga, kikombe kimoja shilingi 500, akisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kisukari, kansa, UKIMWI, vyote vilitajwa. Viongozi wakubwa walikunywa. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakafia kwenye foleni.

Wasomi wengi waliwaita wanywaji wajinga, na kosa hilo hurudiwa kila yanapotokea mafuta ya upako au maji ya baraka. Mgonjwa aliyeambiwa hospitalini kwamba hakuna tena la kufanya, akasikia kuna tumaini kwa shilingi 500, alifikiri sawasawa kabisa kwa hali yake. Ukimwita mjinga, atakuficha habari unayoihitaji kuliko zote: ameacha dawa au bado anameza? Wanaonyamaza kwa kisingizio cha heshima nao wanamdharau, maana wamekwisha kuamua kwamba hana uwezo wa kupokea hoja.

Kama Mungu alisema na mzee yule ndotoni, mimi sina kipimo chake. Sukari ya damu ina kipimo, na hapo ndipo ninaposimama kubisha. Mwenye kisukari aliyekaa siku mbili safarini bila kula vizuri anaweza kukuta sukari imeshuka, akadhani ni kikombe. Aombe kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa VVU mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Majibu yakisema virusi havionekani, ni ARV zimevifubaza. Akiacha vidonge, kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Karatasi ya majibu hayo hayo hupeperushwa madhabahuni kama ushuhuda wa kupona, na mwenye kuipeperusha mara nyingi anasema kweli kadiri anavyoelewa. Kifua kikuu nacho hudanganya: kikohozi hupungua mapema, ilhali dozi ya kawaida ni miezi sita, na anayeikatiza hujiweka katika hatari ya usugu, yaani vijidudu visivyosikia dawa tena.

Kwa hiyo ukikaa na mama au shangazi yako, anza na dozi. “Shikamoo mama. Maombi endelea nayo. Vidonge vimebaki vingapi?” Usiulize mbele ya wageni wala waumini wenzake, hapo atatetea heshima yake kwanza. Muulize aliambiwa nini hasa na mtumishi wa Mungu, kwa maneno yake. Mara nyingine utakuta hakuambiwa aache dawa, ni jirani aliyeongeza. Kisha mkubaliane tarehe ya kupima, na kwamba dawa zinaendelea hadi daktari atakapoona majibu. Akiwa na kiongozi wa dini anayemwamini, mwombeni huyo amwambie ameze. Neno lake litafika mbali kuliko lako.

Insulini haina nafasi ya majadiliano marefu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiiacha, hali inaweza kuwa mbaya ndani ya siku moja au mbili: kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu, pumzi yenye harufu kama ya matunda. Ukiona hivyo, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na wanaomwombea waingie naye kwenye gari.