Kumalizia prednisoloni: kufuata dalili au kungoja kipimo?

Aliyemeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe mwilini, kila siku kwa zaidi ya mwezi, iwe kwa pumu au viungo, haachi ghafla. Hilo halina ubishi: tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hulegea kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, zikiona dawa inafanya kazi yao. Ubishi uko mwishoni, dozi ikishashuka hadi miligramu 5 hivi kwa siku, karibu na kiasi ambacho mwili hujitengenezea. Uendelee kupunguza taratibu ukiangalia dalili za upungufu wa kotisoli, au upime kotisoli kwanza?

Mwongozo wa 2024 wa vyama vya madaktari wa homoni vya Ulaya na Marekani unaruhusu yote mawili. Kipimo kinavutia kwa sababu kinatoa namba: kotisoli ya asubuhi ikizidi nanomoli 300 kwa lita, tezi zimeamka, ikiwa chini ya 150, dawa iendelee. Lakini damu hutolewa mnamo saa mbili asubuhi, kabla ya kidonge cha siku hiyo. Mtu wa Kalya, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayekuja Kigoma mjini kwa boti itabidi alale mjini, kisha alipie kipimo ambacho si kila maabara inacho. Ukimshikilia hapo harudi. Atabaki na vidonge vyake miaka, sukari ikipanda na mifupa ikidhoofika.

Kwa hiyo huku mwambaoni naona bora kupunguza taratibu, bila kipimo. Wanaopinga wana hoja moja nzito: malaria. Mwili wenye homa hudai kotisoli zaidi, na tezi zinaweza kuchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, kurudi kazini. Zikishindwa, mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha na sukari hushuka. Zahanati itapima malaria, itaikuta, itaitibu, na mgonjwa atazidi kuzama.

Ila hoja hiyo haijibiwi na namba iliyobaki maabara mjini. Inajibiwa na daftari la mgonjwa lililoandikwa wazi kwamba ametumia steroidi muda mrefu, na akiba ya vidonge nyumbani ili apandishe dozi, kama daktari alivyomwelekeza, homa ikimshika. Akitapika, vidonge havitoshi: mhudumu aliyesoma daftari atampa sindano ya hidrokotisoni (kotisoli ya dawa), miligramu 100 kwa mtu mzima, kabla hata ya kuulizia boti ya rufaa.