Mbio Ngapi, Pasi Ngapi? Jedwali Halitakwambia

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za kwetu, na kufikia Jumatatu jioni wachambuzi wa Marekani huwa wameshatoa hukumu ileile: walioshindwa walikosa mizani. Walirusha pasi kupita kiasi, wakamsahau mkimbiaji wao. Kisha linaletwa jedwali la takwimu ambalo aghalabu linaonyesha mshindi alikimbia na mpira mara nyingi zaidi, na mjadala unafungwa hapo. Mimi hukumu hiyo siikubali, na hilo jedwali nalihesabu kuwa shahidi mbovu.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwotabaki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, ama anamkabidhi mkimbiaji mpira ajipenyeze katikati ya miili, ama anaurusha kwa mpokeaji aliye mbele. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea. Pasi isiyodakwa inaisimamisha. Kwa hiyo timu inayoongoza kwa pointi 14 katika robo ya nne inakimbia, inakimbia tena, dakika ziishe. Anayeifukuza hana ubavu huo, lazima arushe. Kipenga cha mwisho kikilia, mshindi ana mbio nyingi kwa sababu alikuwa mbele tangu mapema. Kudai kwamba alishinda kwa kuwa alikimbia ni kuisoma habari kinyumenyume, na bado watu wanaolipwa pesa nzuri kuuchambua mchezo huu wanaisoma hivyo kila msimu.

Mizani ninayoiamini mimi huonekana kabla mpira haujachezwa. Tazama mabeki wamesimama wapi. Wakileta watu wanane karibu na mstari ambapo mpira unaanzia, wanaogopa mbio, na nyuma wamebakiza watatu tu wa kulinda eneo kubwa. Wakiwarudisha mabeki wawili wa mwisho mbali, wanaogopa pasi ndefu, na mkimbiaji atapata upenyo. Kocha mwenye mizani ni yule anayeweza kuchukua chochote alichoachiwa. Leo zitakuwa mbio 40, wiki ijayo pasi 45, na siku zote mbili mashambulizi yake yana mizani. Watu wa soka wanalijua hili: winga anayekabwa na watu wawili anaweza asiguse mpira nusu saa nzima, lakini mwenzake wa katikati anapumua kwa sababu yake.

Mfano ulionikaa zaidi ni Philadelphia Eagles. Msimu wa 2024 mkimbiaji wao Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 katika mechi 16, na timu ikawa inakimbia mara nyingi kuliko inavyorusha, jambo la nadra siku hizi. Wakafika fainali Februari 2025 dhidi ya Kansas City Chiefs. Chiefs hawakuwa wajinga, walijua nani wa kuzuiwa, na wakamzuia kwelikweli: Barkley alipewa mpira mara 25 akapata yadi 57. Ukisoma mstari huo peke yake utadhani Eagles walilia usiku ule. Walishinda 40 kwa 22, na kuna wakati ilikuwa 34 kwa bila. Jalen Hurts, ambaye msimu mzima aliitwa kwotabaki asiyeweza kurusha, alikamilisha pasi 17 kati ya 22, mojawapo ya yadi 46 kwa mpokeaji DeVonta Smith ikaishia kwenye tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani. Yeye mwenyewe alikimbia yadi 72. Sifa nyingine ni za walinzi wao, sikatai. Lakini kwa upande wa mashambulizi, Barkley alifanya kazi kubwa kwa kuogopwa tu.

Hapa wazee wa mchezo hudakia: si unaona, lazima ukimbie kwanza ndipo pasi ifunguke. Hapana. Hofu ile Chiefs walikuja nayo kutoka nyumbani, haikutengenezwa na mbio za yadi mbili mbili za robo ya kwanza. Hata ile hila ya kwotabaki kujifanya anakabidhi mpira kisha akaubakiza na kurusha, wachambuzi wa takwimu za NFL wameipima, na hawakuona kwamba timu zinazokimbia sana hunufaika nayo kuliko nyingine. Mabeki wa kati wamefundishwa tangu shuleni kufuata nyendo za safu ya mbele. Ikisogea kama inayofungua njia ya mbio, miguu yao inaondoka kabla akili haijauliza. Haihitaji kuwachosha kwanza kwa mbio 15 zisizo na faida.

Tukumbuke pia sheria zenyewe ziliegemezwa upande wa pasi. Mwaka 1978 NFL iliwakataza mabeki kumsumbua mpokeaji kwa mikono akishavuka yadi 5, na ikawaruhusu walinzi wa kwotabaki kunyoosha mikono wanapozuia. Tangu hapo pasi moja kwa wastani huleta yadi nyingi kuliko mbio moja, hata ukihesabu zisizodakwa. Anayedai nusu kwa nusu anadai timu ijifunge mkono mmoja kwa heshima ya babu zetu.

Sasa niwaudhi watu wa Seattle. Februari 2015, Seahawks wapo yadi 1 kutoka kwenye ushindi dhidi ya New England Patriots, jaribio la pili, sekunde 26. Wana mkimbiaji Marshawn Lynch, aliyekwishakimbia yadi 102 siku hiyo. Kocha Pete Carroll na wasaidizi wake wakachagua pasi, Malcolm Butler, beki wa Patriots, akainyakua, mechi ikaisha 28 kwa 24. Inaitwa uamuzi mbovu kuliko wote katika historia ya fainali hizi. Mimi naukubali uamuzi wa kurusha. Walikuwa na taimauti moja tu, yaani nafasi moja ya kusimamisha saa. Majaribio matatu yote yasingetosha kuwa mbio, saa isingeruhusu, kwa hiyo moja lilipaswa kuwa pasi, na la pili lilikuwa mahali pake, mbele ya safu ya Patriots iliyojaa majitu ya kuzuia mbio. Msimu ule wote hadi siku hiyo, hakuna pasi ya kutoka yadi 1 iliyokuwa imenyakuliwa. Ninachoulaumu ni uchaguzi wa pasi yenyewe: kwenda katikati, kwenye msongamano, pale ambapo beki akiwahi hatua moja anaumiliki mpira. Ingerushwa pembeni, juu, adake mpokeaji wao au itoke nje.

Atlanta Falcons, miaka miwili baadaye, hao siwatetei. Kila mtu anakumbuka waliongoza 28 kwa 3. Wachache wanakumbuka kwamba walipokuwa wanaongoza 28 kwa 20, zikiwa zimebaki dakika zisizofika tano, mpokeaji wao Julio Jones alidaka mpira wa ajabu uliowafikisha yadi 22 za Patriots. Pale pale mpigaji wao Matt Bryant alikuwa na mpigo wa mguu wa yadi 40 hivi kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi tatu, 31 kwa 20. Mbio tatu butu zingeng'ata saa na kumwacha apige. Mbio ya kwanza ilipoteza yadi moja, basi wakarudi kurusha. Kwotabaki wao Matt Ryan akaangushwa yadi 12 nyuma, ikafuata adhabu ya yadi 10 kwa kumshika mpinzani, nafasi ya kupiga ikayeyuka. Walifungwa 34 kwa 28 kwenye muda wa ziada. Siku ile mbio zisizoleta yadi zilikuwa na thamani kuliko pasi nzuri, kwa sababu walichokuwa wanakitafuta kilikuwa dakika.

Na ukitaka kuona jedwali linavyodanganya, chukua Patriots haohao wakienda kwa Buffalo Bills, Desemba 6, 2021. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba kurusha mpira ni kuupa upepo zawadi. Kocha wao Bill Belichick akaamuru mbio 46 na pasi 3, akashinda 14 kwa 10. Magazeti yakasherehekea kurudi kwa mchezo wa kiume. Januari 15 walirudi uwanja uleule kwa mechi ya mtoano, baridi kali lakini upepo umetulia. Bills wakafunga tachidauni kila walipopata mpira, hadi mapumziko ilikuwa 27 kwa 3, na kocha aliyeshinda kwa pasi 3 akajikuta amerusha 38. Ikaisha 47 kwa 17.