Bima ya ugonjwa mkali: hiyo milioni ni ya hospitali ama ni ya kodi ya nyumba?

Juzi kwa chama yetu hapa Eldoret tulimkaribisha ejenti wa bima, akakunywa chai, akala na mandazi, halafu akatuambia kwa elfu mbili tu kila mwezi ukipatikana na kansa ama stroki ama figo zikizima unalipwa milioni moja keshi mkononi. Nusu ya watu walikuwa washatoa vitambulisho. Nusu ingine wakasema hao ni wezi kama wezi wengine. Nimekaa nikifikiria hii maneno na naona hizo pande mbili hata hazikuwa zinabishania kitu kimoja.

Wa kukataa walikuwa na hoja moja: si tayari tunakatwa SHA, ile bima ya afya ya serikali? Ni kweli. Tangu Oktoba 2024 NHIF, ile ya zamani, ilipoenda, mwenye mshahara anakatwa 2.75%, kwa hivyo wa 60,000 anaacha 1,650 kila mwezi, na wa jua kali anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, si chini ya 300 kwa mwezi. Upande wa kansa ilianza na 550,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mfuko wa kawaida na 150,000 kwa ule wa magonjwa makali, na Oktoba 2025 rais akatangaza itapanda hadi 800,000. Si pesa kidogo, lakini ni ya familia yote, si ya kila kichwa. Na inaenda hospitali. SHA hailipi landlodi, hailipi karo, hailipi nauli.

Nauli nimeitaja makusudi. Shemeji yangu alipougua tulidhani shida itakuwa bili, kumbe bili kubwa kubwa zilishughulikiwa, kilichotumaliza ni ile kushuka Nairobi na kurudi, kutafuta pa kulala, vipimo vya hapa na pale unavyoambiwa lipa kwanza, halafu yeye hafanyi kazi na dadake naye amefunga kibanda cha mboga ili amsindikize, kwa hivyo ni mapato ya watu wawili yamesimama. Harambee ya kwanza watu walitoa vizuri sana. Ya pili grupu ikanyamaza. Ya tatu watu wakaanza kutoka kwa grupu mmoja mmoja, na siwalaumu.

Hiyo ndiyo shimo bima ya aina hii ilitengenezewa, na cha kushangaza haikutoka kwa watu wa bima. Ni daktari wa Afrika Kusini, Marius Barnard, mdogo wake yule Christiaan aliyepandikiza moyo Cape Town 1967. Yeye ndiye aliisukuma mwaka 1983 kwa sababu alikuwa anaona wagonjwa wanapona lakini wanarudi nyumbani wakiwa wamefilisika. Unapewa pesa yote mara moja na hakuna wa kukuuliza umetumia wapi.

Sasa wale wa "wezi" nao wasichekwe. Shida iko kwa maana ya maneno. Mikataba mingi inasema ukipatikana na ugonjwa ndani ya siku kama 90 za kwanza hulipwi, ukiwa nao kabla ya kuingia hulipwi, na ukishapatikana lazima uishi siku kadhaa, mara nyingi 30 hivi, ndio kleimu, yaani dai lako la kulipwa, isimame. Stroki lazima iache ulemavu usioisha. Na kansa iliyopatikana mapema sana, ambayo haijapenya nje ya pale ilipoanzia, mara nyingi haihesabiki, so yule mama aliyesikia redioni akaenda kupimwa mlango wa kizazi mapema anaambiwa hongera, hakuna pesa. Kwa haki ya kampuni, matibabu ya hatua hiyo ni mepesi na maisha hayasimami. Lakini ejenti hakuitaja hiyo, na chai yetu alikunywa.

Kuna bima ingine ya kulipwa kwa kila usiku uliolala wodini. Hiyo mimi sitaki kabisa, kemo, zile dawa za kansa, siku hizi watu wengi wanaenda asubuhi wanarudi jioni, sasa utalipwa usiku gani?

Halafu kuna hesabu ya akiba. Elfu mbili kwa miaka mitano ni 120,000 bila riba, na ni yako hata usipougua, na sacco nyingi zitakukopesha mara tatu yake. Iko sawa, ila mkopo unalipwa na mtu anayefanya kazi, na ugonjwa hausubiri hiyo miaka mitano iishe. Mimi ningesema hivi: kama SHA yako iko na deni ama huna hata akiba ya miezi miwili, usiguse hii bima, utalipa miezi sita, ya saba ushindwe, na kava ianguke na pesa yako iende nayo. Kama umeajiriwa, uliza kwanza ofisini, bima ya maisha ya wafanyakazi mara nyingine inakuwa na kipande cha ugonjwa mkali ndani na watu hawajui. Na uliza kama hiyo pesa ni ya ziada ama inakatwa kwa ile familia ingepata ukifa, maana hizo ni bidhaa mbili tofauti zenye jina moja. Anayefaa hasa ni yule mmoja nyumbani ambaye akilala kitandani kila kitu kinasimama, yuko chini ya miaka 45 hivi premiamu, ile pesa ya kila mwezi, ikiwa bado rahisi, na hana historia ya kuficha kwa ile fomu. Kuficha presha kwa fomu ndio kleimu nyingi zinakufia hapo.

Kwa chama tuliamua hakuna kutoa kitambulisho mpaka tuone karatasi ya maana ya magonjwa, si ile brosha ya picha ya familia inacheka. Ejenti alisema ataituma WhatsApp jioni hiyo. Ametuma brosha tena.